Nembo ya biashara: Usimpe fundi rangi kabla hujayajua haya

Na Mwandishi Maalumu, Mbau

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ni wa kweli, lakini wahenga waliousema walikuwa wakiuziana na watu wanaofahamiana. Muuza samaki alijulikana kwa jina la baba yake, mfua chuma kwa moshi wa kibanda chake, na mama wa vitumbua kwa kona aliyokaa tangu ujana wake. Hawakuhitaji kibao wala nembo.

Leo hali si hiyo hapa Mbau, wilayani Mocimboa da Praia, wala si hiyo kwa ndugu zetu wanaovuka Mto Ruvuma na mizigo. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 vilitutawanya. Wengine walikwenda Pemba, wengine Mueda, wengine Nampula, wengine Mtwara. Tangu majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoirejesha Mocimboa da Praia na Mbau mikononi mwa serikali Agosti 2021, watu wamekuwa wakirudi kidogo kidogo, na amani yenyewe bado haijatimia. Aliyekuwa na duka upande huu wa barabara sasa anauzia upande ule. Wateja wake nusu hawajarudi, na waliorudi hawajui yuko wapi. Katika hali hiyo, alama iliyochorwa juu ya mlango au kwenye gunia ndiyo inayomwambia mteja wa zamani kwamba mtu wake yupo hai na anauza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Elimu yangu ya awali niliipata uhamishoni, kusini mwa Tanzania, wakati wazazi wetu walipokimbia vita vya kwanza, vile vilivyomalizwa na mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992. Kwa sababu hiyo naandika Kiswahili na Kireno, na watu wanaofungua biashara hunijia wakiwa na daftari mkononi: “Mwalimu, nitazamie kibao changu kabla sijamlipa fundi.” Nimetazama vingi. Makosa ninayoyaona ni yale yale, na kwa mtu anayeanza na mtaji wa magunia mawili ya ufuta, kosa la rangi na bati ni hasara ambayo huchukua miezi kuifuta. Mengine si hasara ya fedha tu, kama tutakavyoona.

Ndugu msomaji, tuyatazame moja baada ya jingine.

Nembo si orodha ya bidhaa

Kosa la kwanza na kubwa ni kutaka nembo iseme kila kitu. Mtu anauza chumvi, sabuni, vocha za simu, mafuta ya taa na samaki wakavu. Anamwambia fundi amchoree vyote, na juu yake jua linachomoza, na chini yake mikono miwili inashikana. Fundi hakatai, maana analipwa. Matokeo yake ni picha ambayo mtu akiwa juu ya pikipiki haoni chochote isipokuwa rangi zilizochanganyika.

Nembo kazi yake ni moja tu: mtu akiiona, akukumbuke wewe. Orodha ya bidhaa iandikwe kwenye ukuta kwa chaki, ibadilike kila siku. Nembo ibaki.

Watazame wenye viwanda vya saruji wa Tanzania, ambao mifuko yao wafanyabiashara wa mpakani wanaifahamu vizuri. Saruji ya Wazo Hill, Dar es Salaam, inaitwa Twiga. Ya Tanga inaitwa Simba. Ya Mbeya inaitwa Tembo. Hakuna aliyechora nyumba, koleo, mchanga na fundi mwashi. Wamechora mnyama mmoja. Mwashi asiyejua kusoma hata herufi moja anaingia dukani na kusema, “Nipe Twiga kumi,” na anapewa anachokitaka.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwetu. Sensa ya Msumbiji ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban watu 39 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika, na mkoa wetu wa Cabo Delgado ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyo nyuma zaidi. Nembo yenye maneno matupu inawaacha nje wateja wengi, na wengi wa hao ni akina mama, ambao ndio wanunuzi wakubwa.

Kipimo ninachowapa watu ni chepesi. Nyoosha mchanga, chukua kijiti, chora nembo yako. Kisha mwite mtoto wa darasa la pili, mwonyeshe kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, uifute, umwambie aichore yeye. Akiweza kuchora kitu kinachofanana nayo, una nembo. Akishindwa, unayo picha ya kupamba ukuta. Nimekifanya kipimo hiki na wanafunzi wangu mara nyingi, na watoto hawana adabu ya kumficha mtu ukweli. Mashua yenye tanga moja huikumbuka. Mnazi huukumbuka. Mikono inayoshikana huigeuza kuwa kaa.

Alama ya mtu mwingine

Kosa la pili ni kuazima alama ya mtu mwingine. Utakuta kibanda cha viatu kimechorwa alama ya Nike, karakana ya baiskeli imechorwa alama ya Toyota. Mwenyewe anadhani anajipandisha hadhi. Ukweli ni kwamba anawatangazia wenye kampuni bila malipo, na yeye mwenyewe hakumbukwi.

Alama hiyo ya Nike ina hadithi yake. Ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi wa Marekani aliyeitwa Carolyn Davidson, naye alilipwa dola 35 tu. Baadaye, mwaka 1983, kampuni ilimpa hisa kumshukuru. Funzo ni kwamba nembo nzuri si lazima iwe ya gharama. Mstari mmoja uliopinda, uliochorwa na mwanafunzi, umetosha. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuiba wa mwenzako wakati wako unaweza kuupata kwa bei ya kopo la rangi.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hatari ni kubwa zaidi. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa zenye nembo za kughushi. Mtu anayeshona viroba vyake na kuvigonga alama inayofanana na ya kampuni kubwa ya unga ili viuzike haraka, anaweza kuupoteza mzigo wote. Kusema “nilibadilisha herufi moja” hakumsaidii. Kinachotazamwa ni kama mnunuzi wa kawaida anaweza kudanganyika.

Msalaba mwekundu si tangazo la dawa

Kosa la tatu liko karibu kila mji, pande zote mbili za mto. Mtu anafungua duka la dawa, anachora msalaba mwekundu mlangoni. Anadhani ni alama ya dawa kama vile mkasi ni alama ya kinyozi.

Si hivyo. Msalaba mwekundu juu ya rangi nyeupe, na vilevile hilali nyekundu, ni alama zilizolindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949. Mwaka 2005 iliongezwa alama ya tatu, ya kioo chekundu. Kazi yake ni kulinda matabibu, magari ya wagonjwa na hospitali wakati wa vita, na kutambulisha vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Mkataba wa kwanza wa Geneva, kifungu cha 53, unakataza mtu binafsi, kampuni au duka kuitumia, hata kwa nia njema.

Katika nchi isiyo na vita mtu anaweza kuiona sheria hiyo kuwa ya makaratasi. Sisi wa Cabo Delgado tunajua maana yake. Alama hiyo ikiwa kwenye gari la wagonjwa, inamwambia mwenye bunduki: hawa usiwapige. Sasa kama ipo pia kwenye kibanda cha mtu anayeuza vidonge vilivyokwisha muda, kwenye pikipiki ya mchuuzi na kwenye mfuko wa mganga wa kienyeji, mwenye bunduki ataacha kuiamini. Siku hiyo atakayeumia ni muuguzi na mgonjwa wake. Mwenye duka la dawa atumie msalaba wa kijani, ambao ndio uliozoeleka kwa maduka ya dawa katika nchi nyingi, au achore kinu na mchi.

Katika fungu hilo hilo weka alama za Umoja wa Mataifa na mashirika yake. Magunia ya misaada yapo mengi mitaani na watu huyatumia tena kubebea korosho na mkaa, jambo ambalo halishangazi. Lakini kuinakili alama ile kwenye kibao chako ili watu wadhani una uhusiano na shirika ni kujitafutia matatizo. Bendera na nembo za taifa nazo ni hivyo hivyo. Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani unazitaka nchi wanachama zikatae kusajili alama za biashara zilizotwaa bendera au nembo ya nchi bila ruhusa. Kupeperusha bendera siku ya sikukuu ni uzalendo, kuifanya chapa ya sabuni ni jambo jingine.

Jogoo, kwale na bunzi la mahindi

Kosa la nne ni la kutojua kwamba picha fulani zina wenyewe katika siasa. Hapa mgeni kutoka ng’ambo ya mto huingia bila kujua.

Mtu wa Mtwara anayekuja kuuza kuku Mocimboa ataona jogoo ni nembo inayomfaa. Lakini Msumbiji jogoo ni alama ya chama cha MDM, kilichoanzishwa mwaka 2009. Kwale ni ndege wa RENAMO. Ngoma na bunzi la mahindi ni vya FRELIMO. Mwenye mashine ya kusaga akichora bunzi la mahindi kwenye duara jekundu, kuna watakaodhani mashine ni ya chama. Upande wa pili nako ni hivyo hivyo: fundi wa Palma anayekwenda Tanzania na kibao chenye jembe na nyundo atasomwa kuwa ni wa CCM. Kenya, jogoo alikuwa wa KANU kwa miongo mingi.

Sisemi mtu asichore kuku wakati anauza kuku. Achore mtetea na vifaranga, au yai. Kipindi cha kampeni kinapofika, mteja wa chama hiki na wa chama kile wote wana fedha za kununua, na muuzaji hana sababu ya kumfukuza mmoja kwa picha.

Zipo picha nyingine ambazo hazina chama lakini zina kumbukumbu. Bunduki imo katika bendera ya Msumbiji tangu mwaka 1983, pamoja na jembe na kitabu. Ni alama ya vita vya ukombozi, na mwaka 2005 yalifanyika mashindano ya kutafuta bendera nyingine, lakini iliyopo ikabaki. Hayo ni mambo ya taifa. Kwa kijana anayechora bunduki au panga lenye damu kwenye kibanda chake cha kuonyesha filamu, ushauri wangu ni mfupi: afute. Mtaani hapa wapo watoto ambao hawawezi kuupita mlango wa namna hiyo.

Aidha, rangi nyeusi yenye maandishi meupe ya Kiarabu inahitaji busara. Wenye maduka wengi wa pwani ni Waislamu, na kuandika Bismillahi juu ya mlango ni desturi njema ya wazee wetu. Hakuna ubaya katika maandishi wala katika dini. Lakini wenye silaha walioingia mjini Mocimboa da Praia Machi 23, 2020 walipandisha bendera yao, na kila mtu aliyekuwapo anakumbuka ilivyofanana. Kibao cha namna hiyo kinaweza kumtia hofu mama anayepita, na kinaweza kumletea mwenye duka maswali ya askari ambayo hayana majibu mepesi. Neno lile lile liandikwe kwa kijani juu ya ukuta mweupe, nalo litasomeka vizuri zaidi.

Chapa, kasa na pesa

Kosa la tano ni la lugha. Sisi tunaishi kati ya Kireno, Kiswahili, Kimwani, Kimakonde na Kimakua, na neno moja linaweza kubadilika likivuka barabara tu.

Chukua neno lenyewe “chapa”. Mswahili akisema chapa yake ni nzuri, anamaanisha alama ya bidhaa zake. Akilisema Maputo, watu watadhani ana gari la abiria, kwa sababu huko chapa ni basi dogo. Fundi wa nyumba naye atafikiri habari ya bati. Chukua “kasa”. Mtu anataka kuandika “nyumba” kwa Kireno, yaani casa, lakini anaiandika kwa herufi za Kiswahili: KASA YA NGUO. Watu wa pwani wanasoma kasa wa baharini, mnyama anayelindwa na sheria za nchi zote mbili, na wanauliza nguo zake ni zipi. Neno “pesa” kwa Mreno ni kitendo cha kupima uzito au kuwa mzito, na bado M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Msumbiji mwaka 2013, imeeleweka kwa sababu jina ni fupi na alama haibadiliki.

Funzo ni kwamba jina lijaribiwe kabla ya kupakwa rangi. Litamke mbele ya Mmwani, Mmakonde, Mmakua, Mtanzania na mtu anayezungumza Kireno tu. Kama mmoja wao anacheka, muulize kwa nini. Tafuta pia mtu wa kusahihisha tahajia. Kibao kilichoandikwa “Mali Bola” kwa nia ya “Mali Bora” kitadumu miaka mitano kikimchekesha kila mpita njia.

Na jina liwe fupi. Akina mama wa pwani yote wanajua kanga za “Mali ya Abdulla” za Mombasa, ambazo wenyewe wanasema biashara yao ilianza mwaka 1887. Jina halina maelezo ya ubora wala sifa. Linasema tu mali hii ni ya nani, na mnunuzi amelitafuta pembeni mwa kanga kizazi baada ya kizazi.

Rangi za kampuni za simu

Kosa la sita watu hawalioni kuwa ni kosa kwa sababu linakuja kama zawadi. Kampuni ya simu au ya soda inakuja na ndoo ya rangi, inakupakia duka zima bure. Jina lako linawekwa kwenye kona, herufi ndogo kama mchwa. Baada ya hapo duka lako linafanana na maduka mengine yote yaliyopakwa rangi hiyo toka Pemba hadi Palma.

Fikiria pia kampuni yenyewe inapobadilika. Tanzania, kampuni iliyokuwa Celtel ilikuwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Vodacom iliacha bluu ikaingia nyekundu mwaka 2011. Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Kila mara vibanda vilibaki na rangi ya jina lisilokuwapo mpaka ndoo mpya ilipofika, na vya vijijini ndivyo vilivyofikiwa mwisho. Kampuni ina fedha za kujitambulisha upya. Wewe huna.

Zawadi usiikatae, ila weka masharti. Waambie wapake ukuta wa pembeni, mbele pabaki pako. Kama hawakubali, angalau nembo yako iwe juu ya mlango, kubwa, kwa rangi isiyofanana na yao.

Kuhusu rangi zenyewe, mbili zinatosha, tatu ni mwisho. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, aliwachora wanyama wake kwa rangi za mafuta zilizotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini, na leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Hakuwa na rangi nyingi. Alikuwa na umbo lililo wazi na mpaka unaoonekana kati ya rangi na rangi. Mchora mabango wetu naye ana makopo hayo hayo.

Kumbuka jua na chumvi ya bahari. Nyekundu ya bei rahisi hugeuka waridi kabla ya mwaka kwisha, na njano juu ya nyeupe haionekani mchana. Kumbuka pia kwamba nembo haikai ukutani tu. Kesho utaitaka kwenye muhuri wa risiti, ambao una wino wa rangi moja. Kesho kutwa utaikata kwenye karatasi ngumu ili uipige kwenye magunia. Nembo inayotegemea kivuli, picha ya sura yako au rangi saba itashindwa kazi hizo. Ichore kwanza kwa makaa, nyeusi juu ya nyeupe. Ikipendeza hivyo, rangi zitaizidishia tu.

Kwa wasafirishaji hili la magunia ni la msingi. Mama mmoja wa hapa anayepeleka samaki wakavu Mtwara alikuwa akiandika jina lake lote kwa kalamu ya wino mzito. Njiani wino ulilowa, gunia lake na la mwenzake yakafanana, na wawili hao waligombana sokoni mbele ya wateja. Tulimkatia umbo la nanga moja kwenye kipande cha galoni la plastiki, analipaka rangi ya bluu pande zote mbili za gunia. Wapagazi wa kule sasa wanamwita Mama Nanga, na wanunuzi wanaulizia gunia la nanga hata siku ambayo yeye hakusafiri.

Kubadili kila mwaka

Kosa la saba ni kukosa subira. Mtu anaweka nembo, biashara inalegea miezi miwili, anasema nembo ina mkosi, anabadili. Kumbe ndiyo kwanza watu walikuwa wameanza kuizoea.

Hata wakubwa wameingia mtego huo. Oktoba 2010 kampuni ya nguo ya Marekani iitwayo Gap ilibadili nembo yake ya miaka mingi. Wateja walipiga kelele, na kabla ya wiki kwisha kampuni ilirudi kwenye ile ya zamani. Kwa wenzetu waliorejea Mbau ushauri ni huo huo. Kama kabla ya kukimbia ulikuwa na mnazi juu ya mlango wako, rudisha mnazi, hata kama duka sasa ni turubai na miti minne. Kuna watu wamekaa Pemba au Nampula miaka mitatu na zaidi wakikumbuka mitaa yao kwa alama za namna hiyo. Anayerudi akiuona mnazi atajua yupo nyumbani.

Kuandikisha jina si kuandikisha nembo

Kosa la mwisho ni la karatasi. Wengi wanadhani wakishapata leseni ya biashara au wakishaandikisha jina, nembo nayo ni yao. La hasha. Hayo ni mambo mawili.

Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa na BRELA, kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Usajili huo hauvuki bahari kwenda Zanzibar, ambako kuna wakala wake, BPRA, wala hauvuki Ruvuma. Msumbiji kazi hiyo ni ya Taasisi ya Mali za Viwandani, IPI, yenye makao yake Maputo, na alama husajiliwa kwa miaka 10 inayoweza kuhuishwa. Ipo pia njia ya kupitia ARIPO, shirika la kanda lenye makao Harare, kwa Itifaki ya Banjul, ambayo Tanzania ni mwanachama na Msumbiji ilijiunga mwaka 2020. Anayetaka njia hiyo aulize kwanza ofisi ya nchi yake.

Je, mwenye kibanda cha nyanya anahitaji yote hayo? Hapana. Lakini kikundi kinachofunga korosho au chumvi kwenye pakiti na kuziuza nchi mbili kinahitaji, na kinahitaji mapema. Kwa kawaida aliyetangulia kuomba ndiye anayesikilizwa kwanza. Ukisubiri mpaka bidhaa ijulikane, mwenye mtaji mkubwa anaweza kuipeleka nembo yako ofisini kwa jina lake, na wewe ukaanza kuitwa mghushi wa kitu ulichokibuni. Wakati unajipanga, hifadhi ushahidi: mchoro wa kwanza wenye tarehe, risiti ya mchora mabango, picha ya duka kwenye simu. Mkiwa kikundi, andikeni pia kwenye daftari la mikutano nembo ni mali ya nani, maana wengi hugombana siku mmoja anapojitoa.

Anza na chaki

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, hatua ni hizi. Chora kitu kimoja. Kipime kwa mtoto na mchanga. Waulize watu wa lugha zote za mtaani kwako. Hakikisha si cha chama, si cha taifa, si cha hospitali, si cha jeshi, si cha kampuni. Kichore kwa chaki mlangoni ukiache siku saba, usikilize watu wanakiitaje. Wakikipa jina wenyewe, hilo ndilo jina la duka lako. Hapo ndipo umwite fundi na kopo lake.

Baada ya hapo kazi inarudi kwenye mzani. Nembo humleta mteja mara moja, na kipimo kilichojaa ndicho kinachomrudisha. Muuzaji mwenye nembo nzuri na kibaba kilichobonyezwa chini amewarahisishia watu kazi: sasa wanajua kwa hakika ni mlango upi wasiingie.